Fuko Shambani: Ujue Mlango Wake

Wenzangu wameandika kuhusu ngeli na methali. Mimi nimeshika kalamu nikufunze jambo moja tu: jinsi ya kumkomesha fuko, yule mnyama anayefukua mashamba na bustani zetu. Usicheke. Karoti alizokula mwaka jana ndizo zilikuwa za kunilipia chakula cha mchana hapa shuleni.

Kwetu ni Kinangop, kwenye baridi, viazi, kabeji na karoti. Nyanya alinipa kipande cha shamba nyuma ya jikoni akaniambia, "Mjukuu wangu, hizi ni zako na shule." Nikapanda mistari 12. Asubuhi moja nikaona majani yamenyauka ilhali mvua ilikuwa imenyesha. Nilipoyashika, yalinijia mkononi bila karoti! Kando yake palikuwa na rundo la udongo mbichi. Kufikia Jumapili mistari mitatu ilikuwa imekwisha, hata maua ya nyanya karibu na mlango yalikuwa yameng'olewa kutoka chini.

FUKO NI NANI?

Watu wengi hudhani fuko wetu ni yule yule wa vitabu vya Ulaya. La, hasha! Wa Ulaya hula nyungunyungu na wadudu. Huyu wetu wa nyanda za juu ni jamaa ya panya, na chakula chake ni mizizi: karoti, viazi, hata mizizi ya nyasi za nepia tunazolisha ng'ombe. Basi dawa iliyoandikiwa yule wa Ulaya isikudanganye.

Ana macho madogo sana, mkia mfupi na manyoya mororo. Huchimba kwa meno ya mbele, ambayo hubaki nje hata akifunga mdomo, ndiyo maana hamezi udongo. Chini ya ardhi ana chumba cha kulala, ghala la chakula na hata choo chake. Tena huishi peke yake. Hafanani na yule fuko asiye na manyoya wa sehemu kavu za Kenya, ambaye huishi na jamaa wengi chini ya malkia mmoja. Hili ni jambo la maana: marundo 10 shambani si lazima yawe ya fuko 10. Yaweza kuwa ya mmoja tu!

MAKOSA NILIYOFANYA

Kwanza, nilimwaga maji shimoni, mitungi minane, nikitumaini atatoka mbio. Maji yalipotelea huko chini, na mimi ndiye niliyerudi mtoni. Njia zake ni ndefu na zina matawi mengi.

Pili, na hili naliandika kwa uchungu, nilinunua sumu ya panya sokoni. Nikaipaka kwenye vipande vya karoti nikavitupa mashimoni. Nyanya hakujua. Siku ya tatu paka wake alikutwa amelala chini ya ghala, amekauka. Nadhani alikula panya aliyekula sumu yangu. Nyanya hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na fuko je, umemwona?" Sikuwa na jibu. Asubuhi hiyo palikuwa na rundo jipya.

Haraka haraka haina baraka, wenzangu. Sumu haichagui inayemuua.

MTEGO

Nyanya alinituma kwa mzee mmoja jirani ambaye ni fundi wa kutega fuko. Hulipwa kwa kila fuko, na mkia ndio risiti. "Kijana," aliniambia, "fuko humfukuzi. Unamfungulia mlango, naye anakuja mwenyewe kuufunga." Haya ndiyo aliyonifunza:

1. Tafuta rundo bichi lenye unyevu. Rundo kavu huenda ni mahame, usipoteze wakati.

2. Dunga kijiti ardhini karibu na rundo hadi kizame ghafla. Hapo ndipo njia ilipo. Fukua kwa jembe uifungue, kisha uende zako.

3. Rudi baadaye. Fuko hawezi kuvumilia mlango wazi. Upande ulioziba kwa udongo ndio anakotokea.

4. Paka mikono udongo kwanza ili usiache harufu yako. Fungua tena, uingize kopo la bati lililotobolewa pande zote mbili. Ndani ya kopo weka kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye fito uliyoipinda juu ya ardhi. Fito izuiwe na kamba ya katani inayokatiza njia.

5. Fuko akija kuziba ataikuta kamba njiani. Ataikata kwa meno. Fito itafyatuka, na kitanzi kitakaza.

Mara ya kwanza kamba yangu ililegea, akaziba mtego wote kwa udongo kana kwamba ananicheka. Mara ya pili nilisahau udongo mikononi. Asubuhi ya tatu nilikuta fito imesimama wima. Alikuwa mmoja tu! Marundo yakakoma siku hiyo hiyo. Hata hivyo mzee alinionya: nyumba tupu haikosi mpangaji. Kila wiki nazunguka shamba nikitafuta udongo mbichi.

MARAFIKI TUNAOWAFUKUZA

Kwa bustani ndogo ya maua au mboga, waya wenye matundu madogo uliotandazwa chini ya tuta husaidia. Lakini kuna msaidizi wa bure: bundi. Bundi mkubwa wa huku kwetu hula fuko na panya. Sisi tukimsikia akilia tunasema analeta kifo, tunampiga mawe. Kweli analeta kifo, lakini ni cha fuko! Tumwache afanye kazi.

TAMATI

Mistari mitano iliyosalia ililipa nusu ya pesa za chakula cha muhula ule. Nusu nyingine, nyanya aliuza kuku wake wawili. Mpaka leo hatujapata paka mwingine, na usiku nawasikia panya wakitembea juu ya mahindi ghalani. Ningemwendea yule mzee siku ya kwanza, paka angekuwa hai.

Kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, jaribu zoezi hili: Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti kati ya "fuko huyu" na "fuko hili". Anayekosea, namwalika kwetu achimbe!