Mzee hana majini, ana kiwewe cha vita

MWISHONI mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera na kulikalia eneo letu la kaskazini ya mto. Waliokwenda kuwang'oa hawakuwa wanajeshi wa kambini peke yao. Mgambo walichukuliwa kila pembe ya nchi, na Lindi, pamoja na umbali wake, ilitoa vijana wake. Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, vijana walirudi, wakapokewa kwa vifijo, kisha wakashika majembe yao. Hakuna aliyewauliza kama wanapata usingizi.

Mjomba wangu wa Matambarale, Ruangwa, ni mmoja wao. Zaidi ya miaka 40 imepita, lakini embe likidondoka juu ya bati usiku, mjomba yuko chini ya kitanda. Msimu wa maembe mkewe huhamia chumba cha wajukuu, kwani anayemgusa mjomba usingizini hupigwa kabla hajajulikana ni nani. Harusini hakai katikati ya watu, hutafuta ukuta akauegemea. Redio ikitaja vita huizima. Kijijini jibu lilikuwa tayari: ana majini. Fedha za ufuta za misimu kadhaa zimeishia kwa waganga.

Sikatai kuwepo kwa majini, na Muislamu hawezi kukataa. Ninachokataa ni hii tabia ya kumtwisha jini kila tusilolielewa.

Hali hii ina jina, nalo ni kiwewe. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi katika orodha yao ya maradhi mwaka 1980, baada ya kuwaona askari waliorudi kutoka Vietnam. Mtu anapokabiliwa na mauti, mwili wote hujiandaa kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, mwili hutulia. Kwa baadhi ya watu hautulii. Kumbukumbu hairudi kama jambo la zamani, hurudi kama jambo linalotokea sasa hivi, na mwili huitikia kabla akili haijauliza ni sauti ya nini. Ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, hasira za ghafla, kujitenga, kukwepa chochote kinachokumbusha: haya yakidumu zaidi ya mwezi na kumharibia mtu maisha, ni maradhi.

Wala si maradhi ya askari peke yao. Aliyenusurika MV Spice Islander mwaka 2011, aliyekimbia Kitaya, Mtwara, iliposhambuliwa Oktoba 2020, mama aliyeponea chupuchupu wakati wa uzazi, wote yanaweza kuwapata. Wengi hupona wenyewe. Asiyepona si kwamba ni dhaifu kuliko wenzake.

Wapo wanaosema mwanamume husubiri, hasemi. Nabii Yaaqub (a.s.) alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Nani atathubutu kusema hakuwa na subira?

Sasa unaanzaje kuzungumza na mzee kama huyu? Kwetu Umwerani mjomba ana heshima yake, mpwa hamkalishi kitako akamhoji. Mimi nilingoja tukiwa shambani, tunapalilia chini ya mikorosho, kila mtu na jembe lake. Nikamwambia: "Mjomba, najua usiku hulali. Ukitaka kusema nipo, usipotaka pia nipo." Akanyamaza siku ile. Baada ya wiki mbili alianza mwenyewe, na hakuanza na risasi, alianza na mvua na matope. Nikasikiliza matope.

Usimuulize aliua wangapi. Swali hilo huulizwa na vijana wa vijiweni, nalo ndilo huwafunga wazee midomo. Usimwambie yamekwisha, asahau. Angeweza kusahau angekwisha kusahau. Na usimkamue asimulie yote kwa mkupuo, maana kumlazimisha kunaweza kumzidishia. Wajukuu nao waambiwe kwa lugha yao: babu alikuwa vitani, mshindo humshtua, basi akilala asiguswe, aitwe kutoka mlangoni. Kwa mjomba hilo moja tu limepunguza ugomvi nyumbani kuliko hirizi zote.

Hata hivyo masikio ya ndugu hayatoshi kila mara. Yapo mazungumzo ya tiba yanayofanywa na mtaalamu aliyesomea, na zipo dawa. Anzeni hospitali ya wilaya, waeleze usingizi na ndoto, siyo "ana wazimu", nao wakiona haja watatoa rufaa. Mjomba amekubali kwenda, kwa sharti kwamba mkewe aingie naye kwa daktari, na hilo ni jema kwa sababu ya usiku yeye ndiye ayajuaye.

Lakini mgonjwa akianza kusema kuishi hakuna maana, msingoje siku ya kliniki. Asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo, na dawa za kupulizia mikorosho zitolewe ndani ya nyumba.