Kinukta Cheusi Kwenye Televisheni Mpya

Swali: Nimenunua televisheni ya 4K, lakini kioo kina kinukta cheusi kisichofutika. Muuzaji anasema ni kawaida. Nimepigwa?

Jibu: Huenda hujapigwa. Kioo hicho kina pikseli 8,294,400, kila moja ikiwa na vijisehemu vyekundu, kijani na buluu. Kutengeneza vyote bila kimoja kufa ni ghali, ndiyo maana hata kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-307, katika daraja lake la kawaida, huvumilia pikseli chache mbovu kwa kila milioni. Binafsi, ya pembeni ningeivumilia. Ya katikati ningeibishania, hasa kama risiti bado mbichi. Mstari mzima au ufa ni habari nyingine: rudisha. Siku nyingine, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji awashe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi.