Bakteria Wanaosafisha Maji Yenye Metali Nzito: Mtumiaji Ajue Nini?

Maji yanaweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha, na bado yakabeba risasi, zebaki, kadimiamu au aseniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 za risasi na miligramu 0.003 za kadimiamu. Kiasi hicho hakitambuliki kwa jicho wala kwa ulimi. Katika somo hili tunaeleza jinsi bakteria wanavyoweza kuondoa metali hizo, na mahali ambapo uwezo wao hukoma.

Bakteria hufanyaje kazi?

Metali haiozi wala haiungui ikaisha. Hakuna kiumbe awezaye kuila ikatoweka; kinachowezekana ni kuibadili hali yake au kuitenga na maji. Wapo bakteria waishio katika tope lisilo na oksijeni, ambao hutumia salfeti kama sisi tutumiavyo hewa. Wao hutoa salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Salfaidi hiyo huungana na metali iliyoyeyuka, zikawa chembe ngumu zinazozama. Maji hubaki juu, metali ikabaki katika mashapo.

Huko Budel, Uholanzi, maji ya ardhini kwenye eneo la kiwanda cha zinki yalichafuliwa kwa zinki na kadimiamu. Mwaka 1992 mtambo wa bakteria hao, wanaolishwa ethanoli, ulianza kuyasafisha, na zinki iliyopatikana ikarudishwa kiwandani.

Mipaka ya njia hii

Mtambo hufaulu kwa kuwa una wataalamu wanaopima maji yanayoingia na yanayotoka, wanaodhibiti chakula cha bakteria, na wanaoondoa mashapo. Mashapo yakiachwa kwenye hewa na mvua, metali huweza kuyeyuka tena. Zebaki hudai tahadhari zaidi: baadhi ya bakteria wa kundi hilo hilo huigeuza kuwa methilizebaki, sumu inayojikusanya katika samaki. Jambo hili linawagusa hasa wakazi wa maeneo ya uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambako zebaki hutumika kukamatia dhahabu.

Ndugu mtumiaji, tunakushauri yafuatayo:

1. Usitegemee kuchemsha. Moto huua vijidudu, lakini metali hubaki; na maji yakipungua kwa mvuke, kiwango chake katika kila lita huongezeka. Dawa ya klorini na kitambaa cha kuchujia pia haviondoi metali iliyoyeyuka.

2. Usinunue unga au dawa ya maji inayodaiwa kuwa na bakteria wa kuondoa metali kwenye ndoo. Katika ndoo hakuna apimaye wala aondoaye mashapo. Kwa kichujio chochote, mtake muuzaji akuoneshe matokeo ya maabara yanayotaja kila metali kwa jina.

3. Ikiwa kisima chako kiko karibu na mgodi, kiwanda au mahali pa kuyeyushia betri chakavu, omba maabara ipime metali. Kipimo cha vijidudu peke yake hakitoshi.

4. Kiwango kikizidi, tafuta chanzo kingine cha maji ya kunywa na kupikia, ukianza na watoto na wajawazito, kisha itaarifu mamlaka ya maji ya eneo lako. Hifadhi nakala ya matokeo. Ndiyo ushahidi wa madai yako.