Mpini Unaotulia Mkononi: Mwongozo wa Kuchagua Mpini wa Fimbo ya Kuvulia Samaki

Kijitabu hiki kinamhusu nani

Kinamhusu kila anayevua kwa fimbo na ndoana: kijana anayerusha chambo kutoka mwambani Mombasa au Tanga, baharia wa boti za watalii Watamu, Shimoni au Mafia, mvuvi wa sangara Ziwa Victoria, na anayefuata mito ya baridi ya Mlima Kenya na Aberdare kutafuta trauti, samaki walioletwa Kenya mwaka 1905. Mnunuzi wa fimbo huuliza mengi kuhusu rili, mshipi na ndoana. Mpini huuchukua kama ulivyo. Baadaye, malengelenge yanapotoka na kiwiko kinapouma, hulaumu uzito wa samaki. Mara nyingi kosa ni la mpini.

Starehe si ulaini

Dukani mtu huubonyeza mpini kwa kidole gumba, ukibonyea anaridhika. Kipimo hicho hudanganya. Mkono huchoshwa zaidi na nguvu unayotumia kuzuia mpini usiteleze. Misuli mikubwa inayokunja vidole iko kwenye kigasha. Ikikazwa muda mrefu bila kupumzika, damu hupita kwa shida, vidole hufa ganzi na maumivu hupanda hadi kiwikoni. Mpini laini kupita kiasi huchezacheza ndani ya kiganja, nawe ukazidi kukaza.

Kwa hiyo mpini mzuri ni ule unaokuruhusu kulegeza vidole bila fimbo kuponyoka. Hilo hutegemea mambo matatu: unavyokamata mkono ukiwa umelowa, unene wake, na uzito wake.

Unene husahaulika sana. Shika mpini kama unavyovua. Kucha zikikuchoma kiganja, ni mwembamba mno. Vidole vikibaki mbali na kitako cha kidole gumba, ni mnene mno. Unaofaa huacha ncha za vidole zikikaribia kitako hicho bila kukichoma. Mwenye viganja vidogo asichague fimbo kwa kupimiwa na mkono wa muuzaji.

Vitu vinavyotengenezewa mipini

*Gome la kizibo.* Ni lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Ni gome la aina ya mwaloni unaoota katika ukanda wa Mediterania, na Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya gome lote duniani. Mti haukatwi. Hubanduliwa gome mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 25 hivi, kisha kila baada ya miaka 9. Gome la kwanza huwa gumu na lenye mashimo. Lililo bora huanza kupatikana kwenye mavuno ya tatu, mti ukiwa umepita miaka 40. Ndiyo maana mpini wa kizibo safi una bei.

Uzuri wake umo katika vyumba vidogo sana vilivyofungwa, vilivyojaa hewa. Hewa hiyo huufanya mpini uwe mwepesi, usiwe wa baridi alfajiri wala wa kuunguza mchana. Maji hayapenyi kwa urahisi, na ukilowa bado hukamata mkono vizuri. Udhaifu wake ni kumeguka. Kizibo cha daraja la chini huwa na mashimo yaliyozibwa kwa unga wa gome na gundi. Baada ya safari chache unga hutoka na mashimo hurudi. Kukitambua, pitisha ukucha juu yake polepole. Ukikwama kila mahali, au ukiona madoa ya rangi tofauti yanayomeguka, usilipe bei ya kizibo safi.

*Sponji ngumu.* Hii ni EVA, jamii ya plastiki inayotumika pia kutengenezea ndala nyingi. Haimeguki kama kizibo, haioti ukungu kwa urahisi na bei yake ni nafuu. Iko laini na iko ngumu. Kwa fimbo, chagua ngumu. Ile laini hubonyea pale fimbo inaposimamishwa kwenye tundu la boti, na alama haiondoki. Kasoro yake kubwa ni utelezi: ute wa samaki ukichanganyika na maji juu ya sponji iliyosuguliwa ikang'aa, mkono hauna pa kushika. Tafuta iliyochongwa mistari au yenye uso mkavu. Nyeusi hupata joto sana ikiachwa juani.

*Mpira.* Hukamata kuliko vyote mkono ukiwa umelowa, hivyo hufaa anayepambana na samaki wazito akiwa amesimama. Lakini ni mzito, na mpira wa bei ya chini hunata baada ya kukaa juani miezi kadhaa. Ipo pia mipini ya unga wa kizibo uliochanganywa na mpira. Hiyo ni mizito kuliko kizibo tupu lakini huvumilia kugongwa, na mara nyingi huwekwa kitakoni mwa fimbo.

*Mbao na mwanzi.* Mwanzi mkavu ni fimbo na mpini kwa pamoja, na kwa sato wa bwawani unatosha kabisa. Tatizo ni vifundo vyake na uso unaoteleza. Vifundo vipige msasa, kisha zungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli ukiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Mbao kama msaji hudumu, ila ikipakwa vanishi ya kung'aa huteleza; afadhali mafuta ya mbao yanayonyonywa hadi ndani.

Linganisha na uvuvi wako

- *Kurusha chambo kutwa nzima kutoka ufukweni au mwambani:* uzito ndio adui. Chagua kizibo au sponji ngumu nyepesi, mpini mrefu wa kushika kwa mikono miwili.
- *Kukokota chambo nyuma ya boti kwa ajili ya nguru, jodari au sulisuli:* fimbo hukaa tunduni muda mwingi, na mkono hufanya kazi samaki anapokamata. Hapa kizibo huliwa na msuguano. Chagua sponji ngumu mnene sehemu ya mbele, na kitako cha chuma kisichoshika kutu au alumini.
- *Kuvuta chewa na kolekole kutoka kina kirefu:* mkono mmoja hubeba uzito wote. Mpini wa mbele uwe mrefu ili uweze kuhamisha mkono, na uwe na mistari au mpira.
- *Mito ya trauti:* fimbo ni nyepesi na mvuvi husikiliza mguso mdogo. Kizibo ndicho chaguo la kwanza.
- *Sangara ziwani:* samaki huyu anaweza kupita kilo 100. Usidanganyike na mpini mwembamba wa fimbo nyepesi. Sponji ngumu au mpira, na mpini unaofika chini ya kwapa.

Jaribu kabla ya kulipa

1. Omba maji kidogo, lowesha viganja, kisha shika mpini. Usiupime kwa mkono mkavu, samaki hatakukuta mkavu.
2. Funga rili yako kwenye fimbo. Fimbo inayoelemea mbele huulazimisha mkono ukaze hata kama mpini ni mzuri.
3. Nyoosha mkono ukiwa umeishika kwa dakika 2. Kidole kikianza kuuma mahali pamoja, tafuta kingo ya kikalio cha rili au kiungo kilichochomoza.
4. Shika mpini kwa mkono mmoja na ufito, yaani mwili wa fimbo, kwa mwingine, jaribu kuuzungusha. Ukisikia mlio au ukizunguka, gundi imeachia.
5. Tazama mwisho wa mpini unapokutana na ufito. Pakiwa na mwanya, maji ya chumvi yataingia humo.

Mpini ulioharibika: tengeneza nyumbani

Si lazima kununua fimbo mpya. Mipini ya kizibo kiwandani hujengwa kwa pete zilizogandishwa moja juu ya nyingine, na njia hiyo hiyo hufanya kazi kwa soli za ndala kuukuu.

Ondoa mpini wa zamani kwa kisu, ukikata kuelekea mbali na mkono wako na bila kuukwaruza ufito. Mkwaruzo kwenye ufito wa kaboni huweza kuwa mwanzo wa kuvunjika. Kata soli vipande vya duara, vipana kuliko mpini unaoutaka. Toboa katikati, tundu liwe dogo kidogo kuliko ufito. Paka gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, isiyoathiriwa na maji, kisha vivishe vipande kimoja kimoja kuanzia kitakoni na uvibananishe. Acha usiku kucha. Kesho yake chonga kwa msasa mkali, malizia kwa msasa laini, ukipima kwa kiganja chako kila baada ya muda. Vaa kitambaa puani, kwani vumbi lake si la kuvuta.

Utunzaji

Chumvi inayokauka juu ya mpini huwa chembe kali zinazokwangua ngozi. Kila urudipo, suuza kwa maji baridi na usugue kwa sifongo na sabuni ya kawaida. Petroli na tina huharibu sponji na gundi, usizitumie. Kausha kivulini, wala usifungie fimbo ndani ya gari lililo juani. Mashimo ya kizibo jaza kwa unga wa kizibo uliochanganywa na gundi ya mbao isiyopitisha maji, kikauke, kisha pitisha msasa laini.

Maswali mawili yanayojirudia

*Je, glavu hazitoshi?* Glavu hulinda ngozi dhidi ya mshipi na miiba, lakini huongeza unene. Ukivua nazo, pima mpini ukiwa umezivaa.

*Je, wa bei kubwa ndio bora?* Hapana. Sponji ngumu ya bei ya kati iliyokutosha kiganja inashinda kizibo ghali kilicho chembamba kwako.

Neno la mwisho

Ukienda kununua fimbo, nenda na rili yako, lowesha mikono na usione haya kuishika kwa dakika chache mbele ya muuzaji. Ikikulazimu kukaza dukani, kabla hata ya samaki, irudishe kwenye rafu uchukue nyingine.