Laptop Inachemka na Kuzimika Ghafla

SWALI: Ninasoma chuo hapa Tanga. Nikifungua video au mkutano wa mtandaoni, feni ya laptop yangu ya mtumba inanguruma, chini kunachoma, kisha inazimika. Je, ninunue betri mpya?

JIBU: Betri iache kwanza. Kuzimika huko ni kinga: prosesa nyingi za laptop hupunguza kasi joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na lisiposhuka mashine hujizima isiungue. Cha kutafuta ni kinachozuia joto kutoka.

Mara nyingi ni vumbi, linalojishindilia kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupozea. Zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini na uchomoe waya wa betri. Shikilia feni kwa kidole isizunguke, halafu puliza kwa blowa ya upepo mdogo. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Na kama mashine ina miaka mingi, mwambie fundi abadilishe pia pesti iliyo juu ya prosesa, maana ikikauka haipitishi joto vizuri. Mafundi wengine huiruka hatua hii, usikubali.

Kitandani usiitumie kabisa, godoro huziba matundu ya hewa.

Lakini ukiona kasha limebinuka au sehemu ya kuchezeshea kidole imeinuka, betri imevimba. Hapo usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa. Zima laptop na uipeleke kwa fundi leo hii.