Urithi na Kushindwa Mapema kwa Ovari

Ovari hukomaza mayai na kutoa homoni ya estrojeni. Kwa kawaida kazi hiyo hukoma mwanamke anapofikia umri wa miaka 50 hivi. Ikidhoofika au kukoma kabla ya miaka 40, hali hiyo huitwa kushindwa mapema kwa ovari. Huwapata wanawake takribani 1 katika kila 100. Dalili zake ni hedhi kupishana au kukoma, joto la ghafla mwilini na ugumu wa kupata mimba.

Sababu zake

(i) Badiliko la jeni lililorithiwa. Mfano ni badiliko la jeni FMR1 iliyo katika kromosomu X. Kati ya wanawake 100 wenye badiliko hilo, takribani 20 hupata tatizo hili.

(ii) Kasoro ya kromosomu. Katika hali ya Turner, msichana ana kromosomu X moja badala ya mbili. Kwa kawaida kasoro hii hairithiwi. Hutokana na hitilafu katika mgawanyiko wa seli.

(iii) Sababu nyingine, kama dawa za saratani, mionzi, upasuaji wa ovari, au kinga ya mwili kushambulia ovari. Kwa wanawake wengi chanzo hakijulikani.

Swali

Juma ana badiliko la jeni FMR1. Mkewe hana. Wana mabinti wawili na mvulana mmoja.
(a) Ni watoto gani watarithi badiliko hilo? Eleza.
(b) Je, ni lazima ovari za mabinti hao zishindwe mapema?

Jibu

(a) Mabinti wote wawili. Baba ana kromosomu X moja tu, na humpa kila binti. Mvulana hupewa kromosomu Y, hivyo harithi.
(b) Hapana. Kurithi badiliko huongeza uwezekano tu.

Angalizo kwa mtahiniwa

Watahiniwa wengi huandika kwamba tatizo hili hutoka kwa mama kwa sababu huwapata wanawake. Hilo ni kosa. Baba hana ovari, lakini anaweza kumrithisha bintiye jeni husika. Mama mwenye badiliko katika X moja humrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa 1/2. Kosa hilo hupoteza alama katika mtihani. Nyumbani humfanya mwanamke alaumiwe kwa jambo ambalo hakulichagua.