Mada: Kuchagua Zana na Ofseti katika Mashine ya Kukereza ya Kompyuta

Maana
Mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta hubeba zana kadhaa kwenye tureti, yaani kichwa kinachozunguka kuleta zana inayotakiwa. Zana hazilingani urefu, hivyo ncha zake hazifiki mahali pamoja. Ofseti ni kipimo kinachoijulisha mashine ncha ya zana ilipo, upande wa X (kipenyo) na wa Z (urefu).

Amri ya T
Katika vidhibiti vingi vya Fanuc, amri hii huwa na tarakimu nne. Katika T0303, mbili za kwanza ni namba ya zana. Mbili za mwisho ni namba ya ofseti. T0300 hufuta ofseti ya zana hiyo.

Tahadhari: Ukiandika T0305 kwa makosa, mashine haitakukosoa. Itatumia zana ya 3 kwa vipimo vya zana ya 5, na zana inaweza kugonga chaki.

Mfano
Kiwanda cha mbao huko Shume, Lushoto, kinahitaji shafti mbili za msumeno zenye kipenyo cha mm 30.00, zivae beringi 6206 yenye tundu la mm 30 na upana wa mm 16. Mkato wa mwisho:

G00 X100 Z100 (tureti mbali na kipande)
T0303
G97 G99 S800 M03
G00 X30 Z2
G01 Z-16 F0.1

Shafti ya kwanza imepimwa mm 30.05. Fundi afanye nini?

Jibu: 30.00 − 30.05 = −0.05. Aongeze −0.05 kwenye X ya ofseti 03, sehemu ya uchakavu, kisha arudie mkato. Asigawe kwa mbili, kwa kuwa X hapa ni kipenyo. Asibadili X30 kwenye programu, kwa kuwa mchoro haujabadilika.

Zoezi
Shafti ya pili imepimwa mm 29.98. (a) Uchakavu wa X sasa usomeke ngapi? (b) Je, shafti hiyo itafaa?

Majibu
(a) −0.05 + 0.02 = −0.03.
(b) Haitafaa, beringi italegea. Ofseti husahihisha kipande kijacho. Chuma kilichokwisha kukatwa hakirudi. Kwa hiyo, pima kabla ya mkato wa mwisho.